Kila Mtu Anapanda Mizani

Hurlingham, Nairobi
9 Machi 2024

Mwelu, binti wa ndugu yangu,

Joto la Lodwar linakuachia ngozi? Huku mvua imekuja kabla ya wakati wake, na goti la baba yako liliijua kabla ya redio. Lifti ya jengo lao kule Kileleshwa ilikufa Krismasi, na mwenye nyumba hajaizika wala kuifufua, kwa hiyo ndugu yangu Muema anapanda ngazi akipumzika kila ghorofa kama mzee wa kanisa anayekusanya sadaka. Nilimwambia ahame. Akaniuliza tangu lini nimekuwa mama yake.

Mwanangu Nzuki amepata mchumba. Anaitwa Ivyne, kwao ni Homa Bay, anacheka kwa sauti hadi vikombe vinaitikia. Nimempenda. Wazazi wake na wazee wao watakuja kutuona Pasaka, na nimewatafutia nyumba ya wageni Karen, yenye bustani, wasije wakasema tumewalaza kwenye ngazi za Muema.

Sasa neno lenyewe. Naandika kwa sababu mara ya mwisho tulipopigiana simu tulisema wote wawili kwa pamoja, hakuna aliyemsikia mwenzake. Karatasi haimkatizi mtu. Barua hii atakuletea rubani wa ndege ya Lodwar, nawe ukijibu mpe arudi nayo.

Kepteni Jackie ameondoka. Nilimchukua akiwa na saa mia mbili na hamsini za kuruka, nikamlea mpaka elfu moja na mia nane, akaniaga kwa keki. Kampuni kubwa imemchukua. Huyo ni wa saba. Kampuni ndogo ya ndege kama yangu ni kitalu, Mwelu: mimi namwagilia, mwenye shamba anakuja kung'oa miche. Nimetangaza kiti kimoja cha rubani, nimepata maombi mia moja na kumi na manne. Thelathini na mmoja wameletwa na baba zao. Wawili wameletwa na maaskofu.

Baba yako amenipigia mara tatu kwa ajili yako. Nimemjibu hivi: siajiri damu, naajiri mikono.

Unajua ninavyochagua. Cheti nakiangalia mwisho. Kwanza mwombaji anasimama kwenye kaunta yetu pale uwanja wa ndege wa Wilson, anapima abiria na mizigo. Anayeona aibu kumpandisha mkubwa kwenye mizani hanifai, maana aibu hiyohiyo ataruka nayo. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye mizani, nikipima magunia ya miraa ya watu wenye ndege, mpaka siku nilipoacha kupima ya wenzangu nikaanza kupima yangu. Ukutani nimeandika kwa mkono wangu: KILA MTU ANAPANDA MIZANI. Wewe kaunta ulishaimaliza ukiwa shuleni, likizo mbili nzima, kwa hiyo imebaki safari ya majaribio. Jumatatu ya Pasaka utawarudisha wakwe Homa Bay kwa ndege yetu ya Caravan. Kepteni Waithaka atakaa kulia kwako, atanyamaza, atatazama. Ukifaulu, kiti ni chako. Ukianguka, usije ukaniita shangazi hadharani.

Mimi, Kavutha


Lodwar
17 Machi 2024

Shangazi,

Hapa tunashukuru. Mbuzi walilala kwenye njia ya kurukia tena jana, ikabidi nizunguke juu yao mara mbili mpaka mchungaji alipoamka. Mwambie Nzuki hongera, na Ivyne asiache kucheka.

Nitakuja. Nataka uelewe ninakujaje, usidhani baba amenisukuma. Mwenye hii ndege ndogo ninayobebea dawa na chanjo anaiuza mwisho wa mwaka. Mkataba wangu naye unaisha ishirini Desemba. Nina saa mia sita na arobaini. Kwa kampuni kubwa hizo ni chache; kwa ndogo zote nilizoandikia, nimejibiwa na mbili, zote zimesema zinamtafuta mtu wa elfu moja. Huwa najiuliza hizo elfu moja mtu anazipatia wapi kama kila mtu anazidai mlangoni. Baada ya Desemba kuna kiti chako au hakuna kiti. Rubani asiyeruka ni kama kisu kwenye droo.

Usinipendelee. Nipime tu.

Mwelu


Hurlingham
6 Aprili 2024

Mwelu,

Baba yako hajambo. Mvua inaendelea. Nimemaliza salamu.

Nilikupigia simu asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka nikakwambia kwa kinywa changu: hawa usiwapime, waandikie kilo sabini kila mmoja, uende. Ukajibu, "Nimesikia, shangazi." Ulisikia nini?

Wewe ni Mkamba, hukuzaliwa mwezini. Unajua nthoni. Mkwe hatajwi jina ovyo. Mkwe hatazamwi akila. Ukikutana naye njiani unampisha, unatazama pembeni, ndiyo heshima yetu hiyo tangu babu zetu. Nawe umemchukua mama mzazi wa Ivyne, mgeni wangu, umemsimamisha juu ya ile mizani yetu yenye uso mkubwa kama saa ya stesheni, mshale ukazunguka mbele ya wapagazi, mbele ya wazee wake, mbele ya Nzuki anayemwoa binti yake! Nzuki aligeukia ukuta. Mama Ivyne aliposhuka alifunga leso yake upya, akaelekea kwenye ndege. Angenitukana ningeshukuru.

Kisha ukashusha zawadi. Magunia matatu ya mchele wa Mwea na debe la asali ya Kitui, vitu tulivyowakabidhi Jumapili mchungaji akiombea. Jumapili tunawapa, Jumatatu tunawanyang'anya. Viko hapa ofisini kwenye kona, kila anayeingia anaviruka, na mimi ndiye ninayeulizwa, "Mama, hizi ni za nani?"

Waithaka anasema uliruka vizuri na ulitua kama mtu anayeweka yai mezani. Sikumuuliza hilo.

Kiti nimempa mwombaji mwingine, Norman. Ana saa mia tisa, na anajua kuongea na watu wazima.

Kavutha


Lodwar
28 Aprili 2024

Shangazi Kavutha,

Salamu kwa wote. Mimi ni mzima, nimepata malaria, imekwisha.

Ulisema karatasi haimkatizi mtu, basi nisome mpaka mwisho.

Nilisikia. Sikusema nimekubali. Nilikaa kwenye ngazi ya ndege na simu yako sikioni, nikawatazama wanakuja kutoka kwenye magari: wazee watano wa miraba minne, akina mama wanne, kila mmoja na mfuko ambao mpagazi aliubeba kwa mikono miwili. Nikamuuliza Kepteni Waithaka, "Sabini hawa?" Akatazama mlima Ngong kana kwamba umemwita. Ulimwambia anyamaze, alinyamaza.

Nilimwendea Mama Ivyne kwanza, kwa sababu yeye akipanda wengine hawatakataa. Nilipiga goti kidogo. Nikamwambia, "Mama, naomba unisaidie kazi yangu." Akauliza, "Nikusaidie vipi, binti?" Nikamwonyesha mizani. Akaitazama ile mizani, akanitazama mimi. "Hii ya mahindi?" Nikasema ndiyo, na ya marubani pia, mimi nimeshapanda. Akavua viatu mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma. Kama Nzuki aligeukia ukuta, ukutani kulikuwa na maandishi yako, natumai aliyasoma.

Ulinifundisha kujumlisha nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye kaunta ileile, kwa vizibo vya soda. Swali langu ni moja. Namba zote zilibaki pale kaunta: za watu, za mizigo, na nafasi iliyokuwa imebaki baada ya mafuta. Sitakuandikia jumla mimi, utasema nimeitia chumvi.

Ulijumlisha?

Mwelu


Hurlingham
19 Juni 2024

Mwelu,

Pole kwa malaria. Nimekutumia dawa ya mbu na chandarua kipya, usiwape watu hiki, wana vyao.

Baba yako amepewa mkongojo na daktari, anautumia kuwaelekeza watu wa teksi. Ivyne amepandishwa cheo kazini kwake. Kwao hatujapata jibu. Tulituma ujumbe wa tarehe ya mazungumzo ya mahari mara mbili, wakatujibu, "Tumepokea." Nimemuuliza Ivyne mama yake anasemaje, akasema, "Mama amenyamaza tu." Hata kucheka anacheka chinichini siku hizi. Nzuki amekonda. Nadhani unaelewa ninachokwambia.

Norman anaendelea vizuri sana. Wateja wanampenda. Anawafungulia wazee mlango, anawauliza habari za ng'ombe zao. Wiki iliyopita mteja mmoja mkubwa, mwenye hoteli, alinipigia kunipongeza kwa kijana mwenye heshima. Sijawahi kupongezwa hivyo kwa ajili ya Jackie, wala kwa ajili ya mtu mwingine yeyote.

Mchele umeanza kuingiwa na wadudu. Sitaki kuuhamisha.

Kavutha


Lodwar
11 Agosti 2024

Shangazi,

Chandarua kimefika. Asante. Dawa ya mbu, mbu wa huku wanaipenda.

Ndege imepata mnunuzi. Amekuja kuizunguka akipiga piga mabawa kama mtu anayenunua ng'ombe. Nimeandikia kampuni nyingine nne. Moja imenijibu kwamba wangependa rubani anayeleta mteja wake mwenyewe. Kwamba niwe na mteja! Basi ningekuwa na ndege pia.

Umeniandikia habari za mchele, za goti na za Norman. Nilikuuliza kitu kimoja.

Mwelu


Hurlingham
14 Oktoba 2024

Mwelu mwanangu,

Muema anakusalimu. Nzuki yuko. Keti kabla hujaendelea.

Alhamisi fundi wetu mkuu alinipigia kutoka kwenye hanga la ndege. "Mama, njoo uone." Huyu mtu huwa haniiti, huwa ananiletea bei ya vipuri tu. Nikaenda na viatu vya ofisi. Ndege ilikuwa imerudi kutoka kiwanja kimoja cha Mara na abiria kumi. Akanionyesha gurudumu la kushoto. Kati ya tairi na mguu wa ndege kulikuwa na tawi la mgunga, urefu wa mkono wangu, majani bado mabichi, miiba yote mahali pake.

Nilimwita Norman palepale, chini ya bawa.

"Uligusa mti?"

"Kidogo, Mama."

"Mti unaguswa kidogo vipi, Norman?"

Akatazama viatu vyake. "Walikuwa wazito kuliko walivyosema. Njia ikaisha kabla ndege haijataka kupanda."

"Uliwapima?"

"Ni wageni wa yule mteja wako mkubwa. Ulisema niwahudumie vizuri."

"Nimeuliza uliwapima."

Mwelu, yule kijana hana ufidhuli. Alinijibu kwa upole uleule anaofungulia watu mlango. Alisema, "Mama, usinikasirikie. Aliyepima Pasaka hakupata kazi. Mimi ndiye niliyepata."

Fundi aliinama akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Watu kumi. Mmoja alikuwa mtoto aliyekaa mapajani. Hawakujua chochote, walishuka wakipiga picha.

Nimesimamisha ndege. Nimeripoti kwa wakaguzi wa anga kabla hawajanijia. Mteja mkubwa ameudhika, ametafuta kampuni nyingine, aende salama. Norman sijamfukuza, nimemtoa kwenye kiti nikamrudisha kaunta, apime watu mpaka mkono wake uzoee. Anapima. Anaomba radhi kwa kila mtu, lakini anapima.

Kiti kiko wazi. Njoo.

Shangazi yako,
Kavutha


Lodwar
3 Novemba 2024

Shangazi,

Niliketi kama ulivyosema, kisha nikasimama, kisha nikatoka nje nikazunguka ndege yangu nikitazama magurudumu. Mungu amewaona watu wale kumi. Norman usimwonee, hata mimi ningejifunza hivyohivyo kama ningefundishwa hivyo.

Nimebakiza wiki saba za kuruka. Najua ninachokataa, na baba amenipigia akilia, kitu ambacho sijawahi kukisikia maishani, kwa hiyo usimtume tena. Lakini siji.

Umeniita kwa sababu ya tawi. Tawi litakauka. Siku moja atakuja tena mgeni ambaye hawezi kupimwa: askofu, mkwe, mwenye hoteli. Simu yangu italia, nami nitakuwa na sare yako na deni la shukrani. Nitasema nini siku hiyo? "Nimesikia"? Safari hii labda nitaitikia. Hilo ndilo linaloniogopesha, si kukosa kazi.

Bado hujanijibu. Barua tatu umeandika tangu Pasaka ipite, wewe unayejumlisha hata mandazi mezani kwa watu.

Na kuhusu wakwe: tulipotua Homa Bay, Mama Ivyne aliniambia neno. Sitakuandikia. Ni lake. Mwulize.

Mwelu


Hurlingham
8 Desemba 2024

Mwelu,

Goti la baba yako limetulia, jua limerudi. Nina mengi, na rubani ananingoja nje akijifanya hana haraka.

Barua yako niliikunja nikaitia kwenye mkoba, nikazunguka nayo. Mwishoni nikamwambia Waithaka aandae ndege kwenda Homa Bay. Nilinunua magunia matatu mapya ya mchele, debe la asali nikalichukua lilelile, asali haiozi. Na mizani. Ndiyo, ileile ya uso mkubwa. Wapagazi wanne waliipandisha wakiniuliza kama tunahama. Nayo niliipima kwanza, ina kilo arobaini na tatu.

Mama Ivyne alikuja kiwanjani na wazee wake wawili. Hakunisogelea. Nikamwamkia kwa mbali, kwa nthoni. Akasema, "Mama Nzuki, nilikuwa nakungoja tangu Aprili."

Nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya mizani. Akaniinulia kiganja.

"Mizani ilinikosea nini? Tulisikia kwa Ivyne kwamba yule binti amenyimwa kazi. Kwa sababu yangu. Nani alikutuma unitetee? Sisi tukae chini tupokee mahari ya nyumba inayomnyima mtoto wake chakula kwa jina langu? Ndiyo maana tulinyamaza. Hatukujua tuseme nini bila kukuvunjia heshima."

Miezi minane, Mwelu. Wao wananyamaza kwa kuniheshimu mimi, mimi nanyamaza kwa kuwaheshimu wao, na watoto wanakonda katikati.

Nikamuuliza alikwambia nini siku ile. Akacheka, nikajua Ivyne ametoa wapi kicheko chake. Akasema, "Nilimwambia, asante binti, umenitia aibu nikiwa hai."

Tukakubaliana wapande wote siku ileile, waje Nairobi kwa mazungumzo. Nikawaambia wapagazi waishushe mizani pale kwenye nyasi, uso wake ukitazama watu. Hakuna mtu anayejua uzito wangu, hata marehemu mume wangu hakuujua. Miaka yote nimepima wengine nikisimama upande wa nyuma. Nikavua viatu. Nikapanda. Mshale ukazunguka, ukazunguka, nikatamani uchoke. Nikausoma mwenyewe kwa sauti mpaka watu wa bodaboda nje ya ua wakasikia: "Tisini na saba!"

Mama Ivyne akasema, "Na mimi nilidhani mia." Akanisukuma kando kwa nyonga yake, akapanda. "Mia na sita! Andika, Waithaka! Nimepungua mbili tangu Pasaka!" Wazee wakapanga foleni wenyewe, mmoja akiomba apimwe na kofia na tena bila kofia.

Mazungumzo yamefanyika. Harusi ni Februari.

Sasa jibu lako. Ndiyo. Nilijumlisha. Nilijumlisha Jumatatu ileile, nimesimama kaunta, ndege yenu hata haijapita Naivasha. Nafasi iliyobaki baada ya mafuta na marubani: kilo mia tisa na arobaini. Abiria: mia saba themanini na moja. Mizigo: mia tatu ishirini na saba. Jumla elfu moja mia moja na nane. Kabla hujashusha kitu mlikuwa mmezidi kilo mia moja sitini na nane, kwenye hewa hii nyepesi ya Nairobi, na mbele yenu kuna nyumba za watu. Magunia matatu na debe moja ni mia moja sabini na nane. Ukabakiza kilo kumi. Mimi ningeacha vitu vilevile, kwa mpangilio uleule.

Kwa nini niliijua jumla ile na bado nikakuandikia niliyokuandikia, hilo usiniulize. Karatasi haitoshi.

Mkataba wako uko tayari. Kifungu cha kwanza nimekiandika mimi, wakili alicheka nikamwambia asicheke: siku mwenye kampuni atakapopiga simu kuhusu uzito wa mtu yeyote, rubani asipokee.

Kavutha


Lodwar
15 Desemba 2024

Shangazi,

Baba anasema lifti imefufuka. Anapanda na kushuka bila kazi yoyote, majirani wamelalamika.

Ndege iliondoka na mwenyewe mpya jana, kabla ya siku yake. Niliisindikiza kwa macho mpaka mlima ukaificha. Mbuzi wamepata uwanja wao.

Nitakuja na ndege ya Ijumaa, kama abiria. Mwambie Norman aandike mapema: begi langu kilo kumi na nne. Samaki wakavu wa Nzuki na Ivyne, kilo sita, nimewafunga vizuri, hawanuki sana. Mimi hamsini na nane, na viatu.

Lakini asiniamini. Nikishuka tu, anipandishe.

Mwelu